Nyumba Isiyolaliwa

Jeniffer anasema hapakuwa na mtu. Anasema hivyo akiwa ameegemea banda lake la kuku, leso imefungwa kiunoni, na ukimpa nafasi atakueleza yote toka mwanzo: kwamba nyumba ya mawe ya Kingori ilikuwa mahame tangu mwenyewe alipotoroka madeni, kwamba pazia za mbele hazikusogea mvua wala jua, kwamba kama kungekuwa na mtu yeye angejua, maana lango lake na lango lile yanatazamana, na kwamba Shosho Waithira, mama yake Kingori, alirudi baada ya kusikia habari ya mnada, akajibanza nyuma ya nyumba na sufuria moja, ati watu wamwonee huruma.

"Huyo mama mzee alikuwa mjanja," anasema. "Siku ya kutolewa alipita hapa akicheka. Mimi nilimwona na haya macho yangu."

Banda analoegemea ni la mbao nyeusi, weusi wa kung'aa, utadhani zimepakwa rangi. Hazikupakwa. Ni masizi ya miaka mingi ya kupika, na chini ya masizi ni mutarakwa, mti ambao mchwa hawaugusi. Mimi hununua mayai kwake. Nachukua mayai, nasema asante, natazama zile mbao, naenda zangu.

Nilikuwa huko nyuma ya nyumba. Nilikuwa huko kabla hata ya hizo pazia.

Kingori aliniandika kazi nilipomaliza darasa la nane na kwetu hakukuwa na mpango mwingine juu yangu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, alivaa viatu vya kuchongoka, na aliongea haraka kama mtu aliyeacha gari likinguruma nje. "Wanja, kazi yako ni ng'ombe na mama," aliniambia. "Ng'ombe akamuliwe, mama asiinue kitu kizito." Kisha akaingia kwenye gari. Mama mwenyewe alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maji kila mkono.

Boma lilikuwa na nyumba mbili, na mgeni aliona moja. Mbele, upande wa barabara ya Mweiga, kulikuwa na ile ya mawe ambayo Kingori alimaliza kuijenga mwaka ule niliokuja: mabati mekundu ya mfano wa vigae, madirisha makubwa, nguzo mbili za saruji zisizobeba chochote. Nyuma, ukipita ua wa kaiyaba na majani ya nepia ya ng'ombe, kulikuwa na jiko la mbao. Hilo jiko ndilo lililokuwa nyumba yenyewe Shosho alipoletwa hapo akiwa bibi harusi. Mumewe alizipasua mbao zake kwa mkono. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, kitanda cha Shosho kando ya ukuta, changu upande wa pili, na nyuma ya ubao mmoja ng'ombe, ambaye tulimsikia akitafuna tukiwa tunaomba.

Huku kwetu jambo hili halishangazi mtu. Zunguka hivi vilima uone mama wangapi wamejengewa na watoto wao, na wote utawapata jikoni. Nyumba ya mawe ni ya wageni, ya Krismasi, ya kupigia picha watu wa ruracio wakileta mahari, na siku moja ya kulaza jeneza. Kuishi ni jikoni.

Jumamosi ndiyo tulifungua. Shosho alivua viatu mlangoni, akafunga kitambaa kipya kichwani kama anaenda kanisani, na tukaanza. Tulikung'uta vitambaa vya makochi alivyovifuma mwenyewe, tukavirudisha kila kimoja kilipokuwa. Tulipangusa televisheni ambayo haikuwahi kuwashwa tangu siku mchungaji alipokuja kubariki nyumba. Chumbani tulipangusa godoro la Kingori juu ya nailoni yake, maana Shosho alikataa nailoni itolewe. Mwisho ilikuwa sakafu. Hiyo hakuniachia. Alipiga deki akienda kinyumenyume, kutoka ukuta wa mwisho mpaka mlangoni, na akifika kizingitini aliinama chini kabisa, shavu karibu na vigae, aone kama kuna alama ya mguu. Ikiwepo alirudi akaifuta, na kwa kurudi akaacha nyingine, akaifuta nayo. Tulifunga mlango kukiwa ndani hakuna dalili kwamba binadamu amewahi kupita.

Nilimuuliza mara moja, msimu wa baridi, upepo wa Nyandarua ukipenya kwenye mbao hata moto ukilala. Kwa nini asihamie kule?

"Nikilala huko itakuwa ya kulaliwa," alinijibu. "Kingori akikuja na bibi, nimpatie kitanda imetumika?" Aliniita maitu, mama yangu, vile wazee wetu huwaita wasichana wanaowapenda. "Maitu, mimi naweka tu."

Basi tuliweka. Kingori akapunguza kuja. Halafu duka likafungwa, tukasikia kwa watu. Halafu simu yake ikawa ya yule mwanamke anayesema mteja hapatikani, na Shosho, ambaye hakujua ni mashine, alimwambia asante kila mara.

Miriti alikuja baada ya mvua, mchana, na viatu vyake vilikuwa na matope kidogo tu, kama mtu anayejua pa kukanyaga. Kijana wa Meru, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alimsalimia Shosho kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuangalia nyumba ya Kingori," alisema.

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu alitaje lile jina kwa adabu. "Kingori ndiye amekutuma?"

"Nimekuja kwa sababu yake, cucu." Alimwita bibi, kama mjukuu wake.

Hakusema uongo. Nimefikiria sana siku ile, nikitafuta mahali aliposema uongo, na sijapaona.

Shosho alienda mbio jikoni akabadilisha kitambaa cha kichwa. Alichukua thamosi ya wageni, vikombe vya wageni, akanituma nichimbe nduma, na mwenyewe akafungua nyumba ya mawe siku isiyo Jumamosi. Mgeni wa Kingori hangeletwa kwenye moshi. Alivua viatu bila kuambiwa, na hapo Shosho akampenda kabisa. Alitembea na soksi zake chumba baada ya chumba akipiga picha kwa simu, na Shosho mbele yake akifungua milango kama muuzaji. Nilikuwa nimebeba sinia, kwa hivyo nilisikia.

"Ni safi sana, cucu. Nani anaishi hapa?"

"Hakuna mtu." Alisema akitabasamu, kama amesifiwa. "Tangu ibarikiwe hakuna mtu amelala hapa. Hebu angalia godoro, bado iko na nailoni yake."

"Hata wewe?"

"Mimi nilale hapa na hii harufu yangu ya moshi?" Alicheka mpaka akafunika mdomo. "Iko tu vile aliacha."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mimi niko tu hapo karibu."

"Na huo moshi huko nyuma?"

Nilimwona akiona haya. Alishika ncha ya kitambaa chake akaivuta kwenye shavu. "Hako ni kajiko tu," alisema. "Ka kuchemshia ng'ombe maji."

Miriti alikunywa chai vikombe viwili. Kisha akauliza choo, na njia ya choo inapita mlangoni kwa jiko. Nilikuwa nimerudi, nimeketi kwenye kigoda namenya waru, viazi vya huku. Alisimama mlangoni. Aliona kitanda cha Shosho na blanketi lililokunjwa, Biblia juu ya mto, miwani juu ya Biblia, malapa yake chini, dawa zake za presha kwenye kopo la majani ya chai, nguo yake ya kanisani ikining'inia juu ya moto isije ikapata unyevu. Aliangalia kila kitu polepole, kwa zamu, hata mimi.

"Unapika nini, msichana?"

"Waru."

"Ya nani?"

"Ya Shosho. Ndiye hula hapa."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Simu ilibaki mfukoni.

Alipoondoka, Shosho alimfungia mayai kwenye gazeti na kumwombea safari, mkono wake juu ya bega lake, kijana ameinama ili afikiwe. "Msalimie sana," alimwambia. "Mwambie nyumba iko sawa." Jioni hiyo alipika akiimba.

Walirudi Jumamosi, tukiwa tumetoka kuteka maji. Wanaume na pikapu, na Miriti ameketi mbele, kioo kimepandishwa. Hapo ndipo tulipojua kwamba aliyemtuma Miriti ni benki, kwamba Kingori alikuwa ameweka hati ya shamba rehani kwa benki ili ajenge, na kwamba ilani zote za benki zilienda kwenye sanduku lake la posta mjini, ambalo hakuna mtu alilifungua. Shamba lilikuwa kwa jina lake; baba yake alimwandikia kabla ya kufa, mtoto wa pekee wa kiume, nani angefikiria lingine. Mmoja wa wale wanaume alisema nyumba ni mahame na benki inaichukua. Walitoa kufuli yetu, wakatia yao. Halafu wakaita ng'ambo ya barabara wapate shahidi, na Jeniffer akaja akijipangusa unga mikononi, akatia sahihi juu ya boneti ya gari kwamba hakuna mtu anayeishi kwa nyumba hiyo. Aliandika jina lake taratibu, akaliangalia kama limetoka vizuri.

Moshi wetu alikuwa akiuona kila asubuhi. Alikuwa akiutumia kujua saa ya kuamsha watoto, aliniambia mwenyewe.

"Sasa Kingori akikuja nani atamfungulia?" Shosho aliuliza. Akauliza kama anaweza kumaliza sakafu kwanza, maana maji yalikuwa tayari. Mmoja alicheka. Si kwa ubaya. Alifikiri ni mzaha.

Jiko hawakuligusa siku hiyo, kwa hivyo Shosho hakuogopa. Kwake yeye waliyekuwa wamemfungia nje ni Kingori. Ni Gathoni, binti yake aliyeolewa Kiriaini, aliyekuja na kumpeleka kwa Dedan, wakili kijana ambaye baba yake ni mzee wa kanisa letu, naye akakubali kesi kwa ajili ya kanisa. Alitueleza vizuri, akitumia vikombe vya chai mezani.

"Deni siwezi kufuta. Lakini mtu anayeishi mahali hatolewi kama panya. Lazima ajulishwe mwenyewe, apewe muda, korti itoe amri ya kumhamisha. Huo muda ndio tunataka. Gathoni atakaa na benki waongee, pengine wakubali kukata kile kipande cha jiko mbaki nacho. Lakini nyumba ambayo imeachwa, hiyo ni kubadilisha kufuli tu, na kila kitu kwa boma kinaenda nayo." Alisogeza kikombe. "Kwa hivyo cucu, ukiulizwa, sema unaishi kwa hiyo nyumba."

"Naishi jikoni."

"Jiko ni sehemu ya nyumba."

"Si sehemu. Iko nyuma." Alimtazama kijana wa mzee wa kanisa kama amemkuta akiiba sadaka. "Unataka nishike Biblia niseme nalala kwa kitanda ya Kingori?"

Dedan alifuta uso kwa kiganja. Gathoni aliangalia dirishani.

Kortini wakili wa benki alikuwa mama wa makamo, mpole, sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Alionyesha zile picha. Nilikuwa sijawahi kuiona nyumba yetu ikiwa picha. Vitambaa vilikaa sawa, godoro liling'aa kwa nailoni, na sakafu, sakafu ile, ilikuwa haina alama hata moja.

"Mama, wewe umewahi kulala ndani ya nyumba hii?"

"Hata siku moja." Shosho aliinua kidevu.

"Umewahi kupika humo?"

"Nipike humo? Na rangi ile?"

"Taa ziliwashwa mara ya mwisho lini?"

"Siku ya mchungaji."

"Kwa hivyo nyumba haina mtu."

"Iko na mwenyewe. Ni ya Kingori."

"Kingori yuko wapi, mama?"

Watu walicheka kidogo huko nyuma, kicheko cha korti, cha watu wanaongoja kesi zao. Shosho aliwageukia akatabasamu, akidhani wamefurahi naye.

Dedan alimuuliza Miriti kama aliona mtu anaishi nyuma. Miriti alisema aliona jiko dogo la kuchemshia ng'ombe maji, na kwamba hayo ni maneno ya mama mwenyewe. Shosho, kwenye benchi, alitikisa kichwa kukubali. Alikumbuka kusema.

Na mimi niliitwa. Nilisema nimelala pale jikoni na Shosho, kila siku, na kwamba huyu kijana alisimama mlangoni akaona kitanda.

"Alipiga picha ya hicho kitanda?" mama wa benki aliniuliza.

"Hapana."

"Na nyumba kubwa mlikuwa mkiifungua lini?"

"Jumamosi."

"Kufanya nini?"

"Kusafisha."

"Na mkimaliza?"

"Tunafunga."

"Asante, Wanja," alisema, na nadhani alikuwa ananishukuru kweli.

Uamuzi ulisomwa kwa Kiingereza. Dedan alitutafsiria nje, kwenye ngazi, akiongea na viatu vyake. Nyumba ilikuwa wazi, imeachwa, kilicho nyuma ni stoo, mnada uendelee. Shosho alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Gathoni kama wakili amekula.

Walikuja kubomoa asubuhi, chai ikiwa motoni. Aliyetangulia alichukua sufuria akaimwaga juu ya moto, chai na maziwa na yote, na jiko likajaa mvuke wa majivu hata hatukuonana. Ng'ombe alikata kamba. Mbao zilitoka kwa urahisi, misumari ilikuwa imekula kutu zamani, na kila ubao ulipoanguka masizi yalishuka kama manyoya. Jeniffer alikuwa langoni na mkokoteni tayari. Aliwauliza wale vijana kama hizo mbao ziko na kazi. Wakamwambia achukue, ni takataka.

Shosho alitaka mafiga yake. Alikaa kando yake akingoja yapoe apate kuyashika, mkono mara unakaribia mara unarudi. "Ngojeni kidogo," aliwaambia. "Bado yana moto." Kijana mwenye buti aliyasukuma kwa mguu moja moja mpaka kwenye shimo la takataka. Yalitoa sauti yakiingia kwenye maji.

Akajitwika mzigo wake vile mama zetu hujitwika, mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Blanketi, Biblia, sufuria, gunia la waru. Ulikuwa mzito. Mkanda ulimvuta ngozi ya uso wote nyuma, nyusi zikapanda, midomo ikaachana, meno yakatoka. Hivyo ndivyo alivyopita langoni kwa Jeniffer.

Kingori alinipigia simu mara moja, baadaye, kwa nambari nisiyoijua. Aliongea haraka vile vile.

"Viti vilitolewa?"

"Hapana. Viliuzwa na nyumba."

Kisha akasema, "Huyo mama. Nimemjengea nyumba ya mawe, analala na ng'ombe. Angelala ndani tu. Ni kulala tu alikuwa anaambiwa?" Nilitaka kumwambia mama yake yuko Kiriaini kwa Gathoni, kwenye chumba cha saruji kisicho na moto, na kwamba kifua kinamsumbua kwa kukosa moshi. Alikuwa amekata.

Aliyenunua anaitwa Wambugu, mtu wa ofisi huko Kerugoya. Haishi hapo. Anakuja Pasaka, Krismasi, na wikendi akiwa na wageni wa kuonyesha mlima. Siku zingine pazia hazisogei mvua wala jua. Alitafuta mtu wa kusafisha Jumamosi, akaambiwa kuna msichana anaijua hiyo nyumba. Nailoni bado iko kwenye godoro. Alisema isitolewe.

Jumamosi iliyopita alikuwepo, ameketi barazani na kikombe cha kahawa. Nilikuwa nimefika mlangoni na deki, kinyumenyume, niliposikia lango dogo. Shosho alikuwa ametoka Kiriaini peke yake. Amekonda. Alikuwa amefunga kitambaa cha kanisani, na mkononi alikuwa na ndoo, na ndoo ilikuwa na maji tayari. Ameyateka kule mtoni chini, asionekane ametumia ya mwenyewe.

Alivua viatu kwenye nyasi, mbali na baraza.

"Baba," alimwambia Wambugu, ambaye ni rika la mwanawe. "Mimi sijakuja kwa maneno. Nilikuwa nasema hivi, uniachie tu Jumamosi nisaidiane na huyu msichana. Hiyo sakafu iko na vile inataka. Sitaki kulipwa. Nikimaliza naenda." Alibadilisha mkono wa ndoo. "Sitakaa. Na kulala, siwezi kulala humo, hata siku moja. Uliza mtu yeyote."

Wambugu alinitazama mimi, kisha akaitazama sakafu nyuma yangu, kisha kikombe chake. Ng'ambo ya barabara Jeniffer alikuwa akiwatupia kuku mahindi. Nilisimama na deki, nikangoja aseme kitu. Maji kwenye ndoo ya Shosho yalikuwa yakitikisika. Yakatulia.